Nilipohamia kwa Walio Hai

Sijui kuandika kwa madoido, na sitaomba radhi. Darasani nilikaa misimu miwili ya mvua. Nilijifunza herufi, nikajifunza kutia jina langu, mwalimu akanichapa kwa kosa ambalo mpaka leo silijui, nikarudi nyumbani. Nyumba hii ya bati niliijenga mwenyewe, migomba hii niliipanda mwenyewe, na watoto niliwasomesha mwenyewe mpaka wakajua kunisahihisha. Basi nisikilizeni.

Wajukuu wanaofanya kazi ofisini wakija likizo hukaa barazani kwangu wakilalamika kwamba kazi zimewachosha. Wanasema wanataka kujitathmini. Neno hilo limenipendeza, ni neno la mtu aliyeshiba. Mimi nilijitathmini mara moja tu, nikiwa nimekaa juu ya jiwe njiani kati ya Kituntu na kwetu Ndama, na mjomba wangu ananicheka. Sikuwa nimechoka na kazi. Nilikuwa nimenyimwa mke.

Kazi yangu ilikuwa rubugo. Kwa wale mliozaliwa juzi, rubugo ni nguo ya gome la mti. Unauchuna mti uitwao mtoma gome lake lote kama unavyochuna mbuzi, halafu unauvisha majani ya migomba usiungue na jua, nao unaota gome jingine. Lile ulilolichuna unalilowesha, unaliweka juu ya gogo, unaligonga kwa nyundo ya mti yenye mifereji, asubuhi mpaka mchana, mpaka gome la upana wa mkono linakuwa nguo ya kumfunika mtu na mke wake. Ukilianika linageuka rangi ya udongo mwekundu. Baba alinifundisha, na yeye alifundishwa na babu, ambaye watu walisema nguo zake ziliwahi kufika kwa Mukama, mfalme wetu. Mimi sikumwona Mukama akizivaa, lakini nami nilisema hivyo hivyo.

Wakati wa babu watu wote walivaa rubugo au ngozi. Wakati wangu amerikani ilikuwa imefika, na kaniki, na kaki, na kila mwenye miti mitano ya kahawa alitaka kitambaa cha dukani. Mimi sikuona hatari yoyote. Kazi nilikuwa nayo tele. Wazee walikuwa wameapa kwamba hawataingia kaburini na kitambaa cha Mhindi, kwa hiyo mtu akifa huko Mabira waliniita, nikatembea kutwa nzima na rubugo begani, nikamfunga marehemu vizuri, nikapewa mbuzi au mikungu, nikarudi. Sikusikia lawama hata moja. Nilijiambia mimi ndiye fundi bora kuliko baba na babu, maana wao waliwahi kulaumiwa na mimi sijawahi.

Ndiyo, cheka. Sasa hivi na mimi nacheka.

Dalili zilikuwepo. Nilikwenda kumjulia hali bibi mmoja jirani aliyekuwa na kikohozi, nikamkuta amelala. Aliponiona mlangoni akaruka kutoka kitandani. "Mwambieni nimepona! Mwambieni niko shambani!" Na kweli akashika jembe, akatoka kwa mlango wa nyuma, akalima mpaka jioni. Aliishi miaka mingine mingi. Mimi nilidhani amenipa heshima.

Tena nilikuwa na tabia moja ambayo sikuijua. Mtu akisimama mbele yangu, macho yangu yalikwenda utosini, yakashuka taratibu mpaka kwenye vidole vya miguu, yakapanda tena. Nilikuwa nampima. Sikupenda wala sikuchukia, ni kama wewe unavyosoma kibao ukipita njiani. Maiti huwezi kumsumbua kwa kamba kila saa mbele ya watoto wake, kwa hiyo fundi wa rubugo anapima kwa jicho, na jicho langu halikuwahi kukosea.

Basi nikampenda binti mmoja wa Kituntu. Nilimwona kwenye matanga ya shangazi yake. Mahali pengine ningemwona wapi, na kazi yangu ile? Alikuwa anawagawia watu maji, na alipofika kwangu akasema, "Kunywa, wewe ndiye peke yako hapa uliyefanya kazi leo." Nilirudi Ndama sijui njia nimeipitaje.

Nikamtuma mjomba wangu, ndugu wa mama, awe mshenga, nami nikafuatana naye. Mjomba alikuwa mtu wa maneno mengi na nguo moja. Tukafika kwa baba wa binti, tukasalimu kwa adabu zote, tukapewa mkeka, tukaletewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Mzee mwenyewe akaketi mbele yetu. Alikuwa mrefu, mkavu, bega la kushoto limepanda kidogo kuliko la kulia, mguu wake mkubwa kama wa askari. Mjomba akaanza kumwaga sifa. Mimi, kijana wa watu, niliyetakiwa kutazama chini, nikawa namtazama mzee.

"Wewe," mzee akasema. "Unanitazama nini?"

"Hakuna kitu, waitu," nikasema, kama tunavyomwita mkubwa kwa heshima.

"Macho yako yamepanda na kushuka mara mbili. Unanipima?"

Hapo mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini nilikuwa na fahari ya kazi yangu, na mzee aliuliza jambo ninalolijua. Nikasema, "Waitu, mikono minne na shibiri moja."

Mjomba alipaliwa na kahawa. Nyuma ya ukuta wa matete nikasikia mtu anacheka amejiziba mdomo, nikajua ni nani. Mzee hakucheka. Alisimama, na hakika nguo ya kipimo nilichosema ingemtosha barabara.

"Nyumba yangu leo haina msiba," akasema, "na wewe umekuja kunikatia nguo. Sikiliza. Binti yangu hataolewa na mtu ambaye akija kutusalimia majirani watauliza ni nani amekufa. Tarishi wa gombolola, yule wa baraza la chifu mdogo, ameshaleta neno la posa. Ana kofia, ana kaptula ya kaki. Nimemwambia aje na watu wake kahawa ikishaanikwa. Wewe ukiwa na kazi nyingine kabla ya hapo, kazi ambayo nikikuona unakuja roho yangu haishtuki, mtume tena mjomba wako. Kama huna, kaa kwenu."

Ndipo tukafika kwenye lile jiwe. Nikakaa. Mjomba akasimama mbele yangu ameshika kiuno.

"Mikono minne na shibiri! Mpwa wangu, hata shetani angesema uongo pale."

"Lakini ni kweli."

"Kweli gani! Mimi je, ni mikono mingapi?"

"Mitatu na nusu."

"Nyamaza!"

Alipomaliza kunitukana, tukaanza kuhesabu ninachokijua. Hiyo ndiyo tathmini yenyewe, haikuhitaji karatasi. Ninajua kugonga. Ninajua nguo inavyokunjwa isikae na makunyanzi. Ninajua urefu na upana wa mtu kwa kumtazama. Nina mikono yenye nguvu. Mjomba akauliza, "Na watu walio hai, unawajua?" Nikafikiri sana. Nikamjibu kwamba hao sikuwa nimewahi kuwafanyia kazi.

Nikajaribu kwanza kubeba kahawa kwenda Bukoba. Nilibeba mzigo mmoja. Shingo iliingia kifuani, na tulipofika ziwani nilikuwa mfupi kuliko nilivyotoka nyumbani. Nikajaribu machimbo ya bati upande wa Kyerwa. Huko nilifanya siku moja. Asubuhi wenzangu walikuwa wema, mchana mmoja akanitambua, na baada ya chakula wote wakagoma kushuka shimoni pamoja na mimi. Msimamizi akaniambia niondoke kabla hajapoteza watu wote. "Na acha kunitazama hivyo," akaongeza.

Nikiwa narudi, na kahawa mitini imeanza kuwa nyekundu, nikapita kwenye duka moja lililokuwa njia panda karibu na Kituntu. Mwenye duka alikuwa Mlutheri kutoka Muleba, mtu mnene, mcheshi, asiyependa hasara. Barazani kwake palikuwa na cherehani ya miguu imefunikwa gunia. Fundi wake alikuwa ametoroka na mke wa mtu. Nikaingia.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Wewe ni yule wa Ndama. Hapa hakuna aliyekufa."

"Nimekuja kuhusu cherehani."

"Imekufa?"

"Nataka kushona."

Akanicheka mpaka akaketi juu ya gunia la chumvi. Halafu akaacha kucheka, akaitazama cherehani, akanitazama mimi, nikaona hesabu inapita usoni mwake. "Unajua kushona?"

"Najua nguo."

"Hilo silo nililouliza," akasema. Lakini akaliondoa gunia.

Siku ya kwanza nilivunja sindano tatu. Mikono yangu ilikuwa ya nyundo, na cherehani haitaki kugongwa, inataka kubembelezwa. Miguu ikienda mbele, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota kama utumbo wa kuku. Mwenye duka alipiga kelele kila sindano ilipokatika, kelele ile ile, kama mtu anayeng'olewa jino. Baada ya wiki mbili nikaweza kushona mstari ulionyooka, na baada ya tatu nikapewa mteja.

Alikuwa mkulima wa kahawa, mwenye kifua kipana, aliyetaka shati la kwenda nalo misa. Nilimtazama mara moja, nikakata, nikashona, nikamkabidhi, nikarudi kukaa kwa fahari. Jumapili mchana nikamwona anakuja mbio, shati amelishika mkononi.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi."

"Mikono yangu ipite wapi? Nimeshindwa kuinua mkono! Nimempa padri salamu kama mtu aliyefungwa kamba! Nilipopiga chafya, kwapa zote mbili zikaachia mbele ya kwaya!"

Nami nikakasirika, mnanijua. "Bwana, miaka yote niliyofanya kazi, kabla yako sijapata mtu wa kulalamika."

Mwenye duka, kutoka ndani, akasema, "Na nani angelalamika?"

Wateja waliokuwepo wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilibaki na shati mkononi. Nililigeuza ndani nje, nikaona kosa langu liko wazi kama jua. Nilikuwa nimemshonea mtu aliyelala kimya. Matundu ya mikono niliyaweka kwa sababu shati lina matundu ya mikono, sikufikiri kwamba kuna mikono itakayopita humo, itachuma kahawa, itabeba mtoto, itampiga mtu kofi.

"Hawa wanakohoa," mwenye duka akaniambia baadaye, kwa upole. "Wanajikuna. Wanakula wanavimba. Waachie nafasi."

Shati la yule mkulima nililirekebisha mara tatu. Kila akirudi alikuwa na tusi jipya, na kila akirudi nilizidi kufurahi, ingawa sikumwonyesha. Wateja wangu wa zamani hakuna hata mmoja aliyerudi, nami nikaiita hiyo sifa. Huyu alirudi. Mara ya nne alirudi na ndugu yake, akasema, "Mshonee na huyu, lakini kwanza mwache apige chafya." Usiku ule nililala kama mtu mwenye kazi.

Kahawa ikachumwa. Kila ua lilikuwa na mikeka ya kahawa inakauka, na mimi nikiiona mikeka nilikuwa natokwa jasho. Nilimtuma mjomba aende Kituntu akaseme kwamba sasa mimi ni fundi cherehani. Alirudi na jibu fupi. Mzee amesema amesikia, lakini tarishi naye ameshapewa siku, na neno la mtu mzima halirudishwi.

Asubuhi ya siku iliyofuata, binti akaja dukani. Alikuwa na shangazi yake mwingine, aliyebaki nje akigombana na mwenye duka juu ya chumvi. Binti akaweka kitambaa cheupe mbele ya cherehani.

"Tata anataka kanzu," akasema, yaani baba yake. "Ya kuwapokelea wageni."

"Wageni gani?"

"Unawajua."

Fikirini wenyewe. Mtu aninyime mke, kisha mimi nimshonee nguo ya kuninyimia! Nikasema, "Mwambie aje mwenyewe apimwe."

"Amesema haji. Kwako mtu hupimwa mara moja tu maishani, na yeye tayari umeshampima." Akatazama pembeni ili asicheke. "Tena hakuna fundi mwingine mpaka Bukoba. Utashona, hutashona?"

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuishona vibaya makusudi, na mjomba alinishauri hivyo hivyo, na mbinu akaniletea. Lakini nilikuwa na jina moja tu kwa walio hai, na lilikuwa bado bichi. Nikaamua kwamba mzee huyu akiwapokea wageni wake avae kanzu ambayo hata tarishi ataionea wivu, na kama nitashindwa, nishindwe nikiwa fundi. Nilishona siku mbili. Bega la kushoto nililipa nafasi yake, la kulia lake. Kwapa niliziachia nafasi, mtu angeweza kupanda mti. Shingo niliizungushia nakshi ya uzi wa rangi ya kahawia. Na kwa urefu, nilikuwa mwangalifu: nikatoa kichwa, maana kanzu haifuniki kichwa, nikajisifu kwa kukumbuka.

Binti alikuja kuichukua. Aliikunjua, akaishika mbele yake, akaitazama kutoka juu mpaka chini kwa muda mrefu. Nikamwuliza, "Vipi?" Akasema, "Ni nzuri sana." Akaikunja, akaenda zake. Mimi nikakaa kuisubiri siku ya tarishi kama mtu anayesubiri kunyolewa kwa jiwe.

Siku ikafika, ikapita. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, nikamwona mzee anakuja dukani peke yake, amevaa nguo yake ya kila siku, kanzu ameishika mkononi. Kanzu ilikuwa na doa kubwa la rubisi, pombe yetu ya ndizi, kifuani na tope magotini. Sikuweza kusimama. Mwenye duka alisimama kwa niaba yangu.

"Shikamoo, waitu," nikasema kutoka nilipoketi.

"Umeniangusha," mzee akasema.

Nikadhani anasema kwa mafumbo. Kumbe alianguka kweli. Wageni walipofika, alitoka kuwalaki na kibuyu cha rubisi mikononi, mtu mzima katika kanzu yake mpya, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu akakanyaga pindo. Akaenda chini mzima mzima. Rubisi ikaruka ikammwagikia tarishi, kofia mpaka kaptula.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile shibiri. Katika rubugo, shibiri ya mwisho si ya mtu, ni ya kukunjia miguuni, ili nguo ifunge vizuri chini ya nyayo. Kichwa nilikitoa. Shibiri sikuitoa. Nilimshonea baba mkwe wangu kanzu ya kulala nayo chini, naye akalala.

"Na tarishi?" mwenye duka akauliza.

"Tarishi alicheka," mzee akasema. "Mimi niko chini, na yeye anacheka. Halafu alipoiona kaptula yake akaacha kucheka, akaniita mzee mlevi uani kwangu mwenyewe. Nimewarudisha. Na mbuzi wao." Akaninyoshea ile kanzu. "Rekebisha."

Nikapiga magoti, nikamwomba aivae. Akasita, akaivaa. Nikalikunja pindo mpaka juu ya vifundo vya miguu, nikatia pini, nikamwambia, "Tembea, waitu." Akatembea mpaka mwisho wa baraza, akarudi. Nikamwambia, "Chuchumaa." Akachuchumaa. "Inua mikono." Akainua. Mwenye duka akasema, "Piga chafya," akatazamwa kwa jicho ambalo lilimrudisha ndani.

"Mbona wewe hucheki?" mzee akaniuliza, mikono bado iko juu.

"Naogopa, waitu."

"Lakini unataka kucheka."

"Nataka sana."

Midomo yake ikaanza kutetemeka. Alijizuia, akashindwa, akaangua kicheko mpaka pini mbili zikachomoka, nami nikacheka, na watu waliokuwa wanapita njia panda wakasimama kututazama. Alipopata pumzi akasema, "Niliondoka nyumbani nimekasirika. Nilipokuona hapo barazani, roho yangu haikushtuka hata kidogo. Nilitaka tu kukupiga." Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Mtume mjomba wako. Aje amevaa nguo nyingine, ile nimeichoka."

Nikaishona ile ya mjomba usiku na mchana, na ya kwangu, na mahari ikapelekwa, na nikaoa kabla mvua za vuli hazijaanza. Mwaka uliofuata nilikuwa na wateja kutoka Ndama mpaka Mabira, nyumba zile zile nilizokuwa naingia watu wakilia. Rubugo niligonga kwa wazee waliosisitiza, lakini si zaidi ya moja kwa msimu, na baadaye sikugonga tena.

Mke wangu tulikaa naye miaka miwili kabla sijapata akili ya kumwuliza. Tulikuwa tunamenya ndizi. Nikamwambia, "Siku ile ulipoikunjua ile kanzu, ulimjua baba yako urefu wake. Uliona kwamba ni ndefu?"

Akaendelea kumenya. "Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Fundi ulikuwa wewe," akasema. "Mimi najua nini?"